Nilianza metformini, TSH ikashuka, dozi ya thairoidi ikapunguzwa: yaliyonikuta

Naandika hii kwa wenye magonjwa mawili kama mimi, sukari na thairoidi (tezi ya shingoni), hasa nyie ambao thairoidi mnaitibu hospitali moja na sukari mnaitibu kwingine. Mwenye sukari peke yake ambaye shingo haijawahi kumsumbua asome tu kwa faida ya ndugu zake, maana nimekuja kujua metformini, hii dawa ya sukari, haiichezei TSH yake (ile namba ya kipimo cha thairoidi) kama inavyotuchezea sie.

Naishi Tanga mjini, asili yetu Lushoto, nafundisha shule ya msingi. Rovu kwetu si kitu kigeni, bibi mzaa mama alikuwa nalo na alijizoesha kujitanda kanga shingoni hata jua liwe kali vipi. Langu lilianza kukua baada ya mtoto wa pili, taratibu tu, hadi ikafika mahali nikimeza tonge nalisikia linapita kwa shida na usiku nikilala chali pumzi inabana. Wakanifanyia upasuaji wakatoa tezi yote. Kinyama walichopeleka patholojia majibu yake yakasema ni rovu la kawaida, hakuna saratani (hiyo karatasi itunzeni, mbele nitasema kwa nini).

Ukishatolewa tezi yote dawa ni ya maisha. Levothairoksini kila asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, unakaa nusu saa mpaka saa nzima ndo unakunywa chai. Mimi nilikaa kwenye mikrogramu 100 kwa miaka, nikipima TSH inasoma 2 na kitu, na maabara nyingi wanaandika kawaida ni kama 0.4 hadi 4. Nilikuwa nafundisha, napika, naenda shughuli za watu, hata wenzangu ofisini wengi hawakujua kama nina ugonjwa wowote.

Sukari ikaja baadaye, wala haikupiga hodi. Mkojo wa usiku, kiu, na macho yakawa yananichezea nikisahihisha madaftari. Nikapima, ile inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, ikatoka 8.4. Nikaanzishwa metformini miligramu 500 asubuhi na jioni, baadaye zikafika 1000 asubuhi na 1000 jioni. Wiki za mwanzo tumbo liliharisha vibaya sana, yaani nilikuwa naingia darasani nimeshajua choo kiko hatua ngapi. Kama ndo unaanza usikate tamaa, meza katikati ya chakula au ukishamaliza kula, panda dozi polepole, na kama tumbo bado linakataa mwambie daktari akupe ile inayoyeyuka taratibu, ipo. Sukari ilishuka vizuri tu, sina ugomvi na metformini mpaka leo.

Shida ilikuja nilipoenda kupima thairoidi, kile kipimo changu cha kila mwaka. TSH ikatoka 0.2. Daktari akaangalia karatasi akasema, "Mwalimu, dozi imekuzidi, tunapunguza." Akaandika 75.

Sasa kabla sijamlaumu mtu niseme ukweli, kwa namna walivyofundishwa yule daktari hakufanya kitu cha ajabu. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo, pituitari, ambacho ndo msimamizi. Homoni ikipungua mwilini msimamizi anapiga kelele, TSH inapanda, homoni ikizidi ananyamaza, TSH inashuka. Kwaiyo mtu anayemeza levothairoksini akija na TSH ya 0.2 wazo la kwanza ni kwamba anameza nyingi mno. Na kuzidisha si mchezo, moyo unaweza kuanza kudunda ovyo na mifupa inaisha, hasa kwa sie ambao hedhi imeshakatika. Kilichokosekana siku ile ni mambo mawili tu. Moja, fomu ilikuwa na TSH peke yake, hakuna aliyepima homoni yenyewe, T4. Pili, hakuna aliyeuliza tangu mwaka jana nimeanza dawa gani mpya. Kadi yangu ya sukari ilikuwa ya hospitali nyingine, rangi nyingine, iko nyumbani kwenye droo. Mimi nilikuwa nafikiri sukari ni mambo ya sukari na shingo ni mambo ya shingo.

Na dalili za kuzidi sikuwa nazo. Moyo haukimbii, mikono haitetemeki, sikonda, usingizi upo. Hili ningependa mlishike, mtu akikwambia dozi imezidi jiulize mwili wako unasemaje, halafu umwambie kwa mdomo wako maana yeye anaangalia karatasi.

Basi nikaanza 75. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, na hii ina sababu, levothairoksini inakaa mwilini muda mrefu, inachukua kama wiki moja nusu yake kuisha, ndo maana ukibadilisha dozi kipimo kinarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 na si kesho yake. Halafu ikaanza kuingia kidogo kidogo. Uchovu kwanza, ule wa kukaa kitandani unaangalia viatu na hujui utavifikiaje. Baridi, jamani, Tanga, mwezi wa pili, watu wanajipepea kwa madaftari mimi nimevaa sweta na wanafunzi wananiangalia. Choo kikagoma, mtu niliyeharishwa vile na metformini nikawa siku tatu nne sijaenda, nikacheka peke yangu nikasema angalau sasa zimebalansi. Sauti ikawa nzito, nikimaliza vipindi viwili imekwisha. Majina ya watoto yakawa yananipotea, namwita mtoto "wewe wa dirishani" wakati nimemfundisha tangu darasa la tatu.

Kila mtu akawa na jibu lake. Kliniki ya sukari wakasema ni sukari, mwenzangu ofisini akasema ni umri huo shoga yangu na sisi tumepitia, mume wangu akaanza kusema nimekuwa mvivu, hakusema kwa ubaya lakini iliniuma. Shemeji akaleta dawa za miti shamba ambazo namshukuru Mungu sikuzinywa. Nikarudi kupima TSH ikawa 3.3. "Imekaa vizuri sana sasa," nikaambiwa. Nikaeleza uchovu, nikaambiwa ni mawazo nipumzike. Nikatoka pale nikakaa kwenye benchi nje nikalia, maana ukiambiwa vipimo ni vizuri na wewe unajijua huko vizuri unaanza kujishuku akili.

Hapo katikati mambo mengine mawili yakajiongeza na nayasema kwa urefu kwa sababu ndo yanayowakuta wengi bila kujua.

La kwanza kolesteroli. Ilipimwa kliniki ya sukari ikawa imepanda, wakaniandikia dawa ya kolesteroli, nikameza, misuli ya mapaja ikaanza kuuma mpaka ngazi za shule nazipanda kwa kushika ukuta. Kumbe homoni ya thairoidi ikipungua yenyewe tu inapandisha kolesteroli, na mtu mwenye upungufu huo akimezeshwa hizo dawa misuli yake inakuwa rahisi zaidi kuuma. Halafu HbA1c ikapanda kutoka 7.1 kwenda 7.6 wakati kimashine changu cha nyumbani kinaonyesha asubuhi 6 na kitu, baada ya kula 8, siku zote. Wakataka kuniongeza kidonge cha pili cha sukari, glibenklamidi, ile inayoweza kukushusha sukari mpaka ukadondoka. Kumbe na hapo thairoidi ina mkono wake, ikipungua mwili unatengeneza damu mpya polepole, chembe nyekundu nyingi zinazobaki zinakuwa za zamani zilizokaa na sukari muda mrefu, kwaiyo HbA1c inasoma juu kuliko hali halisi. Ndo maana nasema andikeni namba za mashine ya nyumbani kwenye daftari, kila siku, mbichi zilivyo. Zile namba zangu ndo ziliniokoa na kile kidonge.

La pili nywele. Zilikuwa zinatoka kwa mkono, nikifumua mabutu nabaki na fungu. Binti yangu yuko Dar akanitumia kwa basi kopo la vidonge vya nywele na kucha, kopo zuri lina picha ya mwanamke ana nywele mpaka kiunoni. Nikawa nameza. Kipimo cha TSH kilichofuata kikatoka 0.9, kimeshuka tena! Daktari akakuna kichwa akasema bado inaelekea kushuka, tushuke mpaka 50. Nikaandikiwa 50.

Nikaenda famasi kununua. Kijana mmoja mfamasia, mpya pale, akanipa shikamoo, nikaitikia, nikampa cheti. Akakisoma akaniuliza nilikuwa natumia ngapi mwanzo, nikamwambia 100, kisha 75. Akauliza, "Mama, na dawa zako zingine unazo hapo?" Mkoba wangu una kila kitu, nikazitoa, akazipanga moja moja juu ya kioo cha kaunta, metformini, ya presha, ya kolesteroli, levothairoksini, na lile kopo la nywele. Alipofika kwenye kopo akaligeuza nyuma akafuata maandishi kwa kidole mpaka kwenye mstari mmoja, bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha, mikrogramu 10,000. Akauliza siku niliyopima TSH asubuhi yake nilikimeza hiki? Nikamwambia ndio, kila siku nameza. Akauliza tena, na metformini ulianza kabla TSH haijaanza kushuka au baada? Swali hilo kwa muda wote ule hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikahesabu pale pale kwenye kaunta. Kabla. Kama miezi mitano hivi kabla.

Akasema, "Mama yangu, hii ya 50 nakuomba usiinunue leo. Mimi si daktari wako siwezi kubadilisha cheti, ila tafuta daktari wa homoni, na upime FT4, ile homoni ya T4 yenyewe, usipime TSH peke yake, na hiki kopo ukiache siku kadhaa kabla ya kupima." Hakuniuzia kitu siku ile. Nilirudi baadaye kumpelekea maembe.

Daktari bingwa wa homoni ilibidi nimfuate Dar. Gharama zikaja, nauli kwenda na kurudi, kulala kwa ndugu ambako nako huendi mikono mitupu, kumwona daktari, na vipimo ambavyo bima ilikubali baadhi na baadhi nikalipa mwenyewe. FT4 peke yake ilikuwa kama 30,000 hivi. Nikiangalia hela niliyotumia kwenye dawa za kolesteroli, vidonge vya nywele, krimu za ngozi kavu na vipimo vya TSH vilivyorudiwa rudiwa, hiyo 30,000 ingelipwa siku ya kwanza ningeokoa nyingi sana.

Daktari yule mama mtaratibu, alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mapigo ya moyo, 54, akanigonga nyuma ya kisigino na kile kinyundo akaangalia mguu unavyorudi polepole. Akaniambia TSH na FT4 zitapimwa nikiwa nimeshaacha kile kopo, na kwa bahati nilikuwa nimeacha wiki nzima. Akaeleza kwamba mashine nyingi za maabara zinatumia bayotini ndani ya kipimo chenyewe, kwaiyo ukiwa nayo nyingi kwenye damu mashine inachanganyikiwa, inaonyesha TSH ya chini ya uongo na T4 ya juu ya uongo, yaani picha kamili ya mtu aliyezidiwa dozi wakati hajazidiwa. Alisema hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, walitoa onyo juu ya hilo mwaka 2017. Angalau siku 2 uache kabla ya kipimo, na kama unameza dozi kubwa uache zaidi.

Majibu: TSH 3.9. FT4 10, na maabara ile kawaida yao inaanzia 12.

Mngeona anavyonionyesha zile namba mbili na kalamu. TSH iko ndani ya mstari, kwa pembeni lakini ndani, ukiipima peke yake unamwambia mgonjwa aende nyumbani. Homoni yenyewe iko chini. Mtu asiye na tezi kabisa akiwa na T4 ya chini, pituitari ilitakiwa iwe inapiga kelele, TSH iwe juu wazi wazi. Yangu ilikuwa inanong'ona, na aliyeiziba mdomo, kwa maoni yake, ni metformini.

Akanieleza kwamba jambo hili si jipya, mwaka 2006 madaktari wa Marekani waliandika kwenye jarida la homoni kuhusu wagonjwa wachache ambao TSH zao zilishuka baada ya kuanza metformini bila dalili yoyote ya kuzidiwa homoni. Nilipofika nyumbani nikamwambia binti anisaidie kutafuta zaidi, tukakuta utafiti wa Kanada wa mwaka 2014 uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza. Walilinganisha wanaotumia metformini na wanaotumia dawa za kundi la glibenklamidi. Kwa wale waliokuwa tayari wanatibiwa upungufu wa thairoidi kama mimi, metformini ilihusishwa na TSH kushuka chini ya kawaida kwa asilimia 55 zaidi, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kati ya siku 90 na 180 tangu kuanza dawa. Kwa wale wenye thairoidi nzima hawakuona tofauti hiyo. Nikaangalia hizo siku 90 hadi 180 nikakumbuka miezi yangu mitano. Namna hasa metformini inavyofanya hivyo wataalamu bado wanabishana, wengi wanaamini inagusa huko huko juu kwenye ubongo na pituitari, haimpi mtu T4 nyingi zaidi. TSH inashuka, T4 inabaki ilipo.

Sasa naomba mnielewe hapa kwa sababu najua kuna mtu atasoma nusu akaacha metformini kesho. Usiache. Mimi sikuacha, na daktari hakusema niache, alisema ndo dawa inayonifaa. Na pia si kila TSH ya chini ni ya metformini. Kuna mtu kweli dozi imemzidi, ukikonda sana dozi ya zamani inaweza kukuzidi, uzee unaweza kupunguza dozi unayohitaji. Ukiwa na moyo unakimbia, jasho, kutetemeka, usingizi hauji, halafu TSH iko chini, usimwambie daktari eti umesoma mahali kwamba ni metformini. Unachoomba ni kimoja, FT4 ipimwe pamoja na TSH kabla dozi haijaguswa. Daktari wa kwanza angeiona T4 yangu iko katikati siku ile ya 0.2, nina hakika asingepunguza.

Akanirudisha 100. Dawa ya kolesteroli akasimamisha kwanza tuone. Glibenklamidi akasema hapana, namba zako za nyumbani nzuri. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu, nikaanza kukata tamaa, wiki ya nne hivi nikashtuka nimepanda ngazi sijashika ukuta. Choo kikafunguka. Sauti ikarudi polepole, nywele zilichelewa kuliko vyote, zimechukua miezi mingi na mbele hapa bado ni nyepesi. Kolesteroli iliporudiwa ilikuwa imeshuka, si mpaka chini kabisa, na kwa kuwa nina sukari na umri huu dawa yake nimerudishiwa lakini ya dozi ndogo na sasa misuli haiumi. HbA1c ikarudi 7.0 bila kuongezwa kidonge.

Kuna kitu sikuambiwa mapema na kilinitisha. Baada ya kurudi 100 sukari ya asubuhi kwenye mashine ilipanda kidogo kwa muda, kutoka 6 kwenda 7 na kitu. Nikadhani nimeharibu. Kumbe homoni ya thairoidi ikipanda mwili unaitumia na kuiondoa insulini haraka zaidi na sukari inaingia kwenye damu kwa kasi, imeandikwa hata kwenye karatasi ya ndani ya boksi la levothairoksini kwamba mwenye kisukari aangalie sukari yake dozi ikibadilishwa. Kwaiyo upande wa pili wa shilingi pia upo, dawa ya thairoidi nayo inagusa sukari. Wiki dozi ya thairoidi inapobadilishwa pima sukari mara nyingi zaidi, basi, na kwa anayechoma insulini hili ni muhimu zaidi kuliko kwangu.

TSH yangu sasa inasoma 0.3. FT4 16, moyo umepimwa kwa ile mashine ya waya na uko sawa. Daktari wa homoni ameridhika nayo, anasema kwa mtu wa metformini anaangalia T4 na mwili kwanza. Lakini kila nikipimwa kwingine ile 0.3 inapigiwa duara jekundu na mtu anashika kalamu apunguze. Ndo maana nina karatasi moja ya daftari, nimeikunja kwenye kadi, imeandikwa dawa zote, dozi, na mwezi na mwaka nilioanza kila moja. Tarehe za kuanza ndo zina kazi kubwa kuliko majina ya dawa. Kliniki zote mbili naingia nayo, namuwekea daktari mezani kabla hajafungua faili, wengine wanafurahi wengine wananuna kidogo, na akinuna namwambia tu kwa adabu, "Daktari, naomba usome mstari wa pili." Pale chini niliandika kwa kalamu nyekundu: TSH ilishuka baada ya metformini, pima FT4.

Wanaoanza metformini sasa hivi na wana thairoidi, ningewaambia wapime TSH na FT4 kabla ya kidonge cha kwanza wapate pa kulinganishia, halafu warudie baada ya miezi mitatu hadi sita. Usibadilishe kampuni ya levothairoksini hovyo, najua zinaadimika na tunanunua tunayoipata, ila ukibadilishiwa andika tarehe na upime tena baada ya wiki zile 6 hadi 8. Vidonge vya damu vyenye madini ya chuma na vya kalsiamu viache mbali na levothairoksini kwa saa 4. Na miguu ikianza ganzi au kuwaka moto usikubali haraka kuambiwa ni mishipa ya sukari, metformini ya miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 na ganzi yake inafanana, omba ipimwe.

Jirani yangu aliniuliza kuhusu hizi sindano za kisukari ambazo watu wanazichoma wapungue, Ozempic na wenzake, kwa sababu alisikia zina maneno na thairoidi. Zina onyo kubwa la FDA kuhusu uvimbe wa seli fulani za tezi, uvimbe huo ulionekana kwa panya na kwa binadamu haujathibitishwa, lakini mwenye saratani ya tezi ya aina ya medula, yeye au ndugu wa damu, haruhusiwi kabisa kuzitumia, na wenye ule ugonjwa wa kurithi unaoitwa MEN 2 vilevile. Hapa ndo karatasi ya patholojia inapokuja. Ukiulizwa "tezi yako walitoa kwa sababu gani" jibu la "lilikuwa uvimbe tu" halitoshi. Kama karatasi imepotea nenda hospitali uliyopasuliwa uombe nakala. Na aliyewahi kuugua Graves, ule ugonjwa wa tezi kutoa homoni nyingi mno, macho yakatoka nje, akiandikiwa pioglitazoni, dawa nyingine ya sukari, aseme kwanza habari ya macho.

Swali la Ramadhani nimeulizwa na wengi kwaiyo nalijibu. Mwenye sukari azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama kama anaruhusiwa kufunga, si wote. Mimi nimeruhusiwa. Levothairoksini nameza nikiamka, naweka alamu kama saa moja kabla ya daku, nasali, naandaa chakula, nusu saa au zaidi ikishapita ndo nakula. Dada yangu ye anameza usiku akienda kulala, saa tatu baada ya kula mara ya mwisho, na TSH yake imetulia vilevile. Metformini moja kwenye futari na moja kwenye daku, na chakula, na sukari napima mchana pia, kuchoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 nafungua papo hapo, siku hiyo nitailipa.